Salsa Kali ya Nyumbani: Dhibiti Maji Kwanza, Pilipili Baadaye

Anayetengeneza salsa, mchuzi wa nyanya na pilipili, kwa mara ya kwanza huwa na wasiwasi na pilipili: atie ngapi, za aina gani, zitawasha kiasi gani. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana pilipili unaweza kuiongeza kidogo kidogo huku unaonja. Kinachoharibu salsa ni maji ya nyanya. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Ukiikata yanaanza kutoka, na ukiitia chumvi yanatoka kwa kasi. Baada ya nusu saa vipande vinaelea kwenye mchuzi mwepesi, na chumvi na ndimu ulizotia zote zimeshukia humo.

Hapa zinaelezwa njia mbili, ya nyanya mbichi na ya nyanya za kuchoma. Zote zina asili ya Meksiko, ambako hutengenezwa pia salsa ya kijani na za pilipili kavu za kila namna. Ukizishika hizi mbili vizuri, nyingine hazitakusumbua.

Kuchagua nyanya

Nyanya ndefu zenye umbo la yai ndizo bora, hasa kwa salsa mbichi. Zina nyama nene na mbegu chache. Nyanya za duara zenye maji mengi zinafaa zaidi kuchomwa, kwa sababu moto utakausha sehemu ya maji hayo.

Ziwe zimeiva kweli: nyekundu mpaka karibu na kikonyo, na ukizibonyeza kwa kidole gumba zibonyee kidogo bila kupasuka. Zikiwa bado na mabaka ya kijani, ziache nje ya friji siku mbili tatu. Baridi ya friji huzuia nyanya isiendelee kujenga harufu na ladha yake. Na kama zilizopo ni za kupauka, zisizo na ladha, usijaribu salsa mbichi. Zichome. Moto huongeza utamu wa nyanya dhaifu, lakini ukiila mbichi udhaifu wake wote unausikia.

Kuijua pilipili yako

Ukali wa pilipili hupimwa kwa vipimo vya Scoville, vilivyoanzishwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville. Alikuwa akizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena mwasho. Jalapeño ina kati ya 2,500 na 8,000, serrano kati ya 10,000 na 23,000, na habanero, ambayo ni ya jamii moja na pilipili mbuzi, kati ya 100,000 na 350,000. Maana yake ni kwamba huwezi kusoma "pilipili mbili" kwenye maelezo ya mapishi ukaweka pilipili mbuzi mbili mahali pa jalapeño mbili. Anza na robo ya pilipili mbuzi moja.

Namba hizo pia zinabadilika ndani ya aina moja. Pilipili mbili za mmea mmoja zinaweza kutofautiana sana, na mmea uliokosa maji mara nyingi huzaa pilipili kali zaidi. Kwa hiyo onja kila pilipili kabla ya kuitia: kata kipande chembamba kama karatasi upande wa kikonyo, kiguse kwa ncha ya ulimi, subiri nusu dakika. Usionje upande wa ncha, kwa sababu pale ukali ni mdogo na utadanganyika.

Wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu. Uko kwenye utando mweupe unaozishikilia, ndiko kapsaisini, kemikali inayowasha, inakotengenezwa. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka harufu ya pilipili bila moto mwingi, pasua kwa urefu, kwangua utando wote kwa kijiko kidogo, utie nyama yake peke yake. Hii ndiyo njia nzuri ya kutumia pilipili mbuzi, ambayo ina harufu ya matunda isiyopatikana kwenye pilipili nyingine, ila ukali wake huifunika.

Vaa glovu, au paka mikono mafuta ya kula kabla ya kushika pilipili. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji lakini inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo mikono ikishawasha, isugue kwanza kwa mafuta, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, halafu rudia. Usijiguse machoni hata baada ya kunawa, na kama unavaa lenzi za macho, zitoe kabla ya kuanza kazi.

Njia ya kwanza: salsa mbichi

Kwa watu wanne hadi sita:

- nyanya gramu 500 (tano au sita za wastani)
- nusu ya kitunguu maji, kama gramu 80
- pilipili mbili za ukali wa kati, au moja kali (ikiwa ni pilipili mbuzi, robo tu)
- juisi ya ndimu vijiko 2 vya chakula
- chumvi laini kijiko 1 cha chai (gramu 5 hivi)
- majani ya giligilani, yaani dania, kiganja kimoja

1. Noa kisu. Kisu butu kinaponda nyanya badala ya kuikata, na kila kilichopondwa kinamwaga maji. Pasua kila nyanya mara nne kwa urefu. Telezesha kijiko utoe mbegu na ule ute wake, uviweke kwenye chungio lililokaa juu ya bakuli. Usivitupe: ute huo una uchachu na ladha nzito kuliko nyama ya nyanya.

2. Kata nyama ya nyanya vipande vya sentimita moja au pungufu kidogo. Vikiwa vidogo mno vitavurugika, vikiwa vikubwa kila tonge litakuwa na ladha ya kitu kimoja. Vitie kwenye chungio hilohilo pamoja na mbegu, nyunyizia chumvi yote, geuza mara mbili kwa mkono na uache dakika 20.

3. Wakati huo kata kitunguu vipande vya nusu sentimita kwa kisu. Usikikwangue wala kukisaga. Kila seli ya kitunguu inayopasuka hutoa kemikali za salfa, na kitunguu kilichosagwa kibichi huifanya salsa nzima iwe na ukakasi unaozidi kadiri inavyokaa. Kisuuze kwenye maji baridi, kikamue, kisha kiloweke kwenye juisi ya ndimu dakika kumi. Asidi inakilainisha na kukiondolea makali.

4. Kata pilipili ndogo iwezekanavyo, ndogo kuliko kila kitu kingine. Kipande kikubwa cha pilipili humpata mtu mmoja mezani, wengine wasisikie kitu. Weka nusu tu kwanza.

5. Angalia bakuli chini ya chungio: litakuwa na maji ya rangi ya waridi hafifu, robo kikombe au zaidi. Hayo ndiyo yangekuwa yanaelea kwenye salsa yako. Yaweke pembeni.

6. Changanya nyanya na mbegu zake, kitunguu pamoja na ndimu yake, na ile nusu ya pilipili. Onja. Kwa sababu sehemu ya chumvi imeondoka na maji, huenda ikahitajika kidogo tena. Kama mchanganyiko ni mkavu, rudisha yale maji kijiko kimoja kimoja, mpaka vipande vinang'aa bila kuelea.

7. Acha dakika 15, onja tena, ndipo uamue juu ya pilipili iliyobaki. Ukali huchukua muda kusambaa, na salsa inayoonekana pole ikiwa imechanganywa sasa hivi huwa nyingine kabisa baada ya robo saa.

8. Giligilani itie mwisho kabisa, karibu na kula. Vijiti vyake laini vina harufu kuliko majani, vikate navyo. Hakikisha imekauka vizuri baada ya kuoshwa, la sivyo unarudisha maji uliyoyatoa. Wako watu ambao kwao giligilani ina ladha ya sabuni. Kwa hao tumia majani mabichi ya kitunguu.

Njia ya pili: salsa ya kuchoma

Hii ndiyo yenye ladha nzito, na ndiyo inayosamehe makosa zaidi. Moto unafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: unakausha maji, unaivisha sukari ya nyanya na kitunguu mpaka iwe ya kahawia, na unaunguza ngozi ili ladha ya moshi iingie.

Unahitaji nyanya gramu 600, kitunguu kimoja kilichopasuliwa mara nne, punje tatu za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake, pilipili tatu za ukali wa kati, chumvi kijiko kimoja cha chai, na juisi ya ndimu kijiko kimoja cha chakula. Ndimu ni pungufu kuliko kwenye salsa mbichi, kwa sababu nyanya ikipungua maji uchachu wake unazidi.

Tumia kikaango kizito cha chuma, kikavu, bila tone la mafuta. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula hakifai kazi hii. Utando wake huharibika ukipashwa mtupu kwenye moto mkali. Kama huna cha chuma, panga vitu kwenye sinia iliyotandikwa foili na uchome kwa moto wa juu wa oveni. Jiko la mkaa lenye wavu linafaa pia, na ladha yake ni nzuri zaidi.

Pasha kikaango dakika tano kwa moto wa juu kiasi. Weka nyanya nzima na vipande vya kitunguu, kisha pilipili na vitunguu saumu. Usijaze. Vitu vikibanana vinatoa mvuke, na mvuke unachemsha badala ya kuchoma. Ni bora kuchoma kwa awamu mbili.

Kila kitu kina muda wake, kwa hiyo simama hapo hapo. Pilipili zinatoka mapema, dakika tano hadi saba, zikiwa zimevimba malengelenge na kulegea. Zitoboe kwa ncha ya kisu kabla ya kuziweka, kwa sababu pilipili nzima iliyofungwa hewa inaweza kupasuka. Fungua madirisha pia, maana moshi wake unakohoza nyumba nzima. Kitunguu saumu huchukua dakika nane hadi kumi. Kiko tayari ukikibonyeza ndani ya ganda kinabonyea. Kitunguu maji kiungue kingo tu. Nyanya huchukua dakika 12 hadi 15, ukizigeuza kila ngozi inapopata mabaka meusi, mpaka zilegee na zianze kuchuruza.

Mabaka meusi kwenye theluthi moja ya ngozi ni sahihi. Nyanya iliyogeuka mkaa pande zote itailetea salsa uchungu, na hakuna kiungo cha kuuondoa. Imenye ngozi yote. Usizioshe nyanya wala pilipili chini ya bomba ili kutoa ngozi, kwa kuwa unaosha ladha uliyoitafuta kwa dakika 15. Bandua kwa vidole kile kilicho cheusi mno, kingine kiache.

Acha vipoe dakika kumi. Blenda iliyofungwa ikiwa na vitu vya moto hurusha kifuniko kwa nguvu ya mvuke, na salsa ya pilipili ya moto usoni ni ajali mbaya.

Sasa kusaga, na hapa mpangilio ni muhimu. Ukiwa na kinu na mchi, ponda kwanza kitunguu saumu kilichomenywa pamoja na chumvi mpaka kiwe uji. Chembe za chumvi zinasaidia kusaga. Ongeza pilipili moja moja, kisha kitunguu maji, nyanya mwisho. Meksiko hutumia molcajete, kinu cha jiwe la volkano chenye uso wa kukwaruza, na salsa yake huwa na vipande na uji kwa pamoja. Kwa blenda fuata mpangilio uleule, lakini ukifika kwenye nyanya bonyeza na kuachia mara tano au sita tu, sekunde moja kila mara. Usiiache blenda iendelee kuzunguka. Inaingiza hewa, na salsa inageuka povu la rangi ya waridi. Pia inapasua mbegu, na mbegu zilizosagwa zina uchungu. Kama povu limeshatokea, iache itulie nusu saa, au ichemshe kidogo; hewa ikitoka wekundu unarudi.

Tia ndimu, onja chumvi, kisha giligilani ikiwa imeshapoa kabisa. Kwenye salsa ya moto majani hayo yananywea na kuwa ya kijani cha matope.

Ukiitaka nzito zaidi, pasha kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwenye sufuria, mimina salsa yote kwa mara moja kabla ya kutia ndimu, na koroga kwa moto wa kati dakika tano hadi nane. Ipo tayari ukipitisha mwiko chini ya sufuria na mstari ukabaki wazi kwa sekunde mbili kabla ya kuzibwa. Ndimu ifuate baada ya kuepua, maana harufu yake hupotea kwenye moto.

Ukitumia pilipili kavu

Pilipili kavu kubwa kama guajillo na ancho hazina ukali mwingi, ila zinaleta rangi iliyokolea. Toa kikonyo na mbegu, zikaange kavu sekunde 15 hadi 20 kila upande mpaka unuse harufu. Hapo hapo toa. Zikibadilika kuwa nyeusi zimeungua, na ni bora kuanza na nyingine kuliko kuendelea nazo. Loweka kwenye maji ya moto dakika 20, zisage na salsa ya kuchoma. Onja maji ya kulowekea kabla ya kuyatumia. Mara nyingi ni machungu, na yakiwa hivyo yamwage.

Inapokwenda vibaya

*Inawasha kupita kiasi.* Maji hayasaidii. Choma nyanya nyingine na vitunguu bila pilipili na uchanganye, au ponda parachichi ndani yake, kwa sababu mafuta yake hupunguza makali mdomoni. Ndimu na sukari kidogo vinaupoza mwasho kwa muda tu. Anayeungua mdomo apewe maziwa au mtindi. Protini ya maziwa hushika kapsaisini na kuiondoa ulimini.

*Haina ladha.* Karibu kila mara ni chumvi. Ongeza kidogo cha kushika kwa ncha za vidole viwili kila mara, koroga, subiri dakika mbili, onja. Kama chumvi inatosha na bado imelala, inakosa uchachu. Ionje pamoja na kile utakacholia: salsa iliyokolea kijikoni itazidi chumvi ikiliwa na vibanzi vyenye chumvi.

*Ni chungu.* Tafuta kitunguu saumu kilichoungua, mbegu zilizosagwa, au ngozi iliyogeuka mkaa. Sukari nusu kijiko cha chai inafunika uchungu mdogo. Mkubwa haufunikiki.

*Ni majimaji.* Mbichi, irudishe kwenye chungio dakika kumi. Ya kuchoma, ichemshe bila kifuniko. Usitie unga wala kitu kingine cha kuifanya nzito.

Kuhifadhi

Tumia chombo cha kioo au chuma kisichopata kutu. Alumini hupambana na asidi ya nyanya na kuleta ladha ya chuma. Kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, salsa mbichi ni nzuri siku tatu, ya kuchoma siku tano. Chota kwa kijiko safi kila mara, na isikae mezani zaidi ya saa mbili. Itoe friji dakika 20 kabla ya kula, kwa sababu baridi inafifisha harufu.

Ya kuchoma iliyochemshwa inagandishwa kwenye friza miezi mitatu bila shida. Acha nafasi ya sentimita mbili juu ya chombo kwa ajili ya kutanuka. Mbichi usiigandishe, itayeyuka kuwa maji.

Kuiweka kwenye chupa ili ikae kabatini nje ya friji ni kazi nyingine yenye masharti yake, na vipimo vilivyotolewa hapa havifai kwa hilo. Nyanya iko karibu sana na pH 4.6 (kipimo cha asidi; kikipanda, asidi imepungua), mpaka ambao juu yake bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, wanaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa, na kitunguu, saumu na pilipili vyote vinaisukuma juu zaidi. Anayetaka kufanya hivyo atumie kanuni iliyopimwa maabara kwa ajili ya chupa, asibadilishe uwiano wa mboga na asidi, na atumie juisi ya limau au ndimu ya chupa, kwa kuwa asidi yake haibadiliki kama ya tunda bichi. Sumu ya bakteria hao haina rangi wala harufu. Salsa ya chupa yenye kifuniko kilichovimba, au inayorusha ikifunguliwa, itupwe bila kuonjwa.